Sikwensi imegoma? Tufuate tatizo kutoka kwenye mti wa ukoo mpaka mdomoni mwa ng'ombe

Maswali yanayonifikia ni yaleyale kila mwaka, hasa kuanzia mifugo ikianza kuhama kufuata majani: sampuli imetoka hasi na ng'ombe anaumwa kweli, sikwensi (mpangilio wa herufi za kirusi uliosomwa na mashine) haieleweki, jenomu, yani herufi zote za kirusi, ina mapengo, mti wa ukoo wa virusi umekaa vibaya. Mimi nipo maabara huku nyanda za juu kusini, sampuli zangu zinatoka Mbarali, Rungwe, Mufindi, Njombe, na kirusi ninachokisoma mara nyingi ni cha miguu na midomo, kwaiyo mifano mingi hapa ni yake ila sehemu kubwa inafaa pia kwa virusi vingine vya ng'ombe vya RNA, yani vinavyobeba urithi wao kwenye RNA badala ya DNA.

Kwanini nalisumbukia hili. Kirusi cha miguu na midomo kina serotaipu 7, yani aina ambazo kinga ya mwili inazitofautisha, na kwa Tanzania tunazokutana nazo ni O, A, SAT1 na SAT2, sasa chanjo ya serotaipu moja haikingi nyingine. Ukisoma vibaya ukasema O kumbe ni SAT2, kuna mfugaji atauza mbuzi wawili anunue chanjo ambayo haitamsaidia. Na mti utakaochora utakuwa mzuri tu machoni, maana programu ya kuchora mti haijawahi kukataa kuchora, uipe sikwensi safi au uipe uchafu yenyewe itachora. Ndo maana mimi nikiona mti wa ajabu siuchunguzi mti, narudi nyuma hatua kwa hatua mpaka daftari la shambani.

Kabla hujagusa chochote: miguu na midomo haiui watu lakini viatu na nguo zako zinakibeba kirusi. Ukitoka zizi lenye ugonjwa usiingie zizi lingine siku hiyo, osha buti kwa soda ya kufulia (sodiamu kaboneti) 4%. Alafu bafa (majimaji ya kemikali) za kukamulia RNA na Trizol, ambayo nayo ni ya kukamulia RNA, zina guanidini, usimwagie Jiki kamwe, inatoa gesi ya sumu. Nimeona mtu anasafisha meza kwa Jiki juu ya bafa iliyomwagika, tulifungua madirisha tukatoka wote nje.

DALILI YA 1: Ng'ombe ana malengelenge kabisa, PCR (kipimo kinachonakili kipande cha kirusi mpaka kionekane) inasema hamna kitu

Hii ndo inaongoza. Anza na kitu rahisi kuliko vyote, angalia kontroli ya ndani, yani jini la ng'ombe mwenyewe kama beta-aktini. Kama nalo halijaonekana basi tatizo siyo kirusi, hujakamua RNA kabisa au kuna kitu kinazuia PCR. Chukua RNA hiyohiyo uizimue mara 10 kwa maji safi urudie, ikitokea sasa wakati mwanzo haikutokea ujue kulikuwa na kizuizi, labda damu nyingi, labda mate na pumba.

Kama aktini ipo na kirusi hakipo, sababu inayoongoza ni umri wa kidonda. Lengelenge la siku 1 au 2 limejaa kirusi, la siku 7 limeshaanza kupona na kinga ya mwili imekifagia kirusi. Wafugaji wanatupigia wakishaona ng'ombe kagoma kula kwa siku kadhaa, tukifika tunakuta ulimi umeanza kuota ngozi mpya ya pinki. Hapo usikwangue kidonda kikavu ukategemea muujiza, tafuta ng'ombe mwingine kwenye kundi aliyeanza jana, muulize anayechunga, anawajua mmojammoja. Ukikosa kabisa chukua majimaji ya kooni kwa probangi, yani kikombe kidogo chenye mpini mrefu kinachoingizwa kooni, maana kirusi kinaweza kubaki kooni kwa ng'ombe zaidi ya siku 28 hata kama midomo imeshapona.

Sababu ya pili ndo iliyonifundisha kazi. Mwaka wangu wa kwanza tulienda bonde la Usangu, ng'ombe wanachechemea, mate yanavuta mpaka chini kama uzi. Tukamlaza dume mmoja, kijana aliyekuwa anamchunga akamshika pua, tukafungua mdomo, lengelenge la ulimi limepasuka asubuhi ileile na ngozi nyeupe inaning'inia pembeni. Nikaivuta kwa koleo ikatoka nzima, kama unavyomenya nyanya iliyopitishwa kwenye maji ya moto, chini yake nyama nyekundu mbichi na yule dume akaguna. Huwezi kupata sampuli nzuri kuliko ile. Tulirudi na sampuli 14 na zote 14 zikatoka hasi. Nilirudia PCR mara mbili, nikabadilisha praima (vipande vifupi vinavyoshika kirusi ili PCR ianze), nikailaumu friza, mpaka dada mmoja wa maabara akaniuliza, "Ile bafa uliipima pH?" Sikuipima. Chupa ilikuwa imebaki na kidogo chini, nikachovya karatasi ya pH, ikasoma chini ya 6.

Gamba la kirusi hiki linavunjika kwenye asidi. Chini ya pH 6.5 hivi linaanza kuachana vipande vipande, RNA inabaki uchi na vimeng'enya vya kwenye mate na tishu vinaila. Kwaiyo bafa ya kubebea iwe nusu gliseroli na nusu bafa ya fosfeti, pH kati ya 7.2 na 7.6, na uipime asubuhi ya safari siyo siku ulipoitengeneza. Kwa sababu hiyohiyo nyama ya machinjioni siyo sampuli nzuri, misuli inageuka asidi baada ya kuchinja. Yule kijana wa Usangu alinishikia ng'ombe 14 kwenye jua na mimi sikumrudishia jibu lolote, mpaka leo napima pH ya kila chupa mwenyewe.

Ya tatu ni baridi, namaanisha ubaridi wa sampuli. Watu wa Makete na Njombe mnajidanganya kwamba hali ya hewa ya kwenu ni friji, mwezi wa 7 kweli kuna baridi ila buti la basi juu ya injini siyo Makete. Kulubokisi, barafu ya kutosha, na mtu wa kupokea anayejua basi linafika saa ngapi.

Ya nne, siyo ugonjwa unaodhani. Mapele ngozi inasababishwa na kirusi cha DNA, ukitumia kitita cha RNA utatafuta mpaka kesho. BVD (kuhara kwa virusi kwa ng'ombe), ambayo ni ya RNA, nayo inaweza kutoboa midomo vidonda lakini haileti lengelenge lenye maji. Ukiwa na picha ya kidonda mwonyeshe daktari wa mifugo kabla hujatumia kitita cha bei mbaya.

Ya mwisho, na ni nadra, praima hazishiki. SAT zinatofautiana sana kati yao. Tumia vipimo viwili vinavyolenga sehemu tofauti, kimoja eneo la 3D (jini la kimeng'enya kinachonakili kirusi) na kingine mwanzoni mwa jenomu, kimoja kikikosa kingine kinaweza kushika.

SIMAMA HAPA: kama kundi limetoa mimba nyingi kwa mpigo, ndama wanakufa, mvua zimepita kubwa na watu wa boma wana homa, usipasue mzoga, usishike kitoto kilichotoka, usikamue RNA kwenye meza ya kawaida. Hiyo fikiria Homa ya Bonde la Ufa, nayo ni ya RNA, inampata binadamu kupitia damu na majimaji ya mnyama na inaua. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua watu wengi Tanzania. Piga simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya na watu wa afya kwa pamoja, kazi yako imeishia hapo.

DALILI YA 2: PCR ilikuwa nzuri, Ct 20 (Ct ni mzunguko wa PCR ambao kirusi kinaonekana, ikiwa ndogo kirusi ni kingi), lakini RNA ya kutengenezea laibrari (sampuli iliyoandaliwa kwa mashine ya kusoma) haipo

Mara nyingi umeigandisha na kuiyeyusha mara nyingi. Igawe kwenye tyubu ndogondogo siku ileile unayoikamua. PCR inahitaji kipande kifupi tu kiwe kizima ndo maana Ct inabaki nzuri wakati jenomu nzima imeshakatikakatika, kwaiyo Ct nzuri haikuhakikishii kwamba RNA ni ndefu.

Inayofuata ni ethanoli iliyobaki kwenye kolamu, yani tyubu yenye kichujio cha kukamulia RNA. Zungusha kolamu tupu dakika 2 zaidi kabla ya kutoa RNA. Ukipima usafi wa RNA kwa mwanga, uwiano wa 260/280 uwe karibu na 2.0, na 260/230 ukiwa chini sana ni chumvi za guanidini zimebaki, osha tena. Alafu glovu. Mkono wako una vimeng'enya vinavyokula RNA, ukishika simu badilisha glovu, na sisemi kwa kukazia tu, simu ndo chanzo namba moja kwenye maabara niliyopo.

DALILI YA 3: Floseli inakufa mapema

Floseli ni ile kadi yenye vitundu inayoingia kwenye MinION, mashine ndogo ya kusoma sikwensi. Ikaguliwe siku inapofika, mpya ya MinION inatakiwa kuwa na vitundu hai kuanzia 800, ikiwa chini rudisha kwa muuzaji usisubiri siku ya kazi. Ikikaguliwa ilikuwa nzuri na imekufa wakati wa kupakia, ni kiputo cha hewa, tisa kwa kumi nasema ni kiputo. Hewa ikipita juu ya vitundu haviponi. Vuta kidogo kwa pipeti mpaka uone majimaji yanakuja ndo uanze kusukuma, polepole, usimalizie pipeti mpaka mwisho. Sababu nyingine ni kugandishwa, mtu ameiweka imegusana na barafu kwenye kulubokisi toka Dar mpaka Mbeya, inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8 na siyo sifuri. Ikiwa inakufa taratibu ndani ya masaa basi laibrari yako ni chafu, rudi dalili ya 2.

Umeme ukikatika katikati usihamaki, data iliyokwisha kuandikwa ipo, anza upya na floseli hiyohiyo. Ila weka UPS, na zima ile tabia ya laptopu kulala yenyewe.

DALILI YA 4: Ridi ni nyingi sana ila zote za ng'ombe

Ridi, yani vipande ambavyo mashine imevisoma. Unapata milioni, unapiga BLAST (programu ya kulinganisha na sikwensi zinazojulikana), ng'ombe, ng'ombe, bakteria, ng'ombe. Hapa hamna kilichoharibika, ndo ukweli wa tishu, RNA ya kirusi ni tone ndani ya ndoo. Angalia Ct uliyoanza nayo. Kama iko kwenye 20 na kidogo unaweza kusoma kila kitu bila kuchagua, ila kama imepita 28 usijaribu njia hiyo, tumia amplikoni, yani praima nyingi zinazopandiana kufunika jenomu yote. Ukitaka kubaki kwenye njia ya wazi, tumia DNase (kimeng'enya kinachokula DNA) kuondoa DNA ya ng'ombe na kitita cha kuondoa RNA ya ribosomu. Angalizo moja, kama umekuza kirusi kwenye seli na ukakuta BVD usishangilie, seramu ya ndama inayotumika kulisha seli inajulikana kwa kubeba BVD, pima seramu kwanza.

Na kukuza kirusi cha miguu na midomo siyo kazi ya maabara ya kawaida, inataka maabara yenye ulinzi maalum. Hata RNA yake tupu ikiingia ndani ya seli inaweza kuanzisha kirusi upya, kwaiyo usiichukulie kama maji.

DALILI YA 5: Jenomu ina mapengo

Jenomu hii ina herufi 8,300 hivi. Pengo likiwa karibu na mwanzo, ndani ya herufi mia kadhaa za kwanza, usiumize kichwa, pale kuna mfululizo mrefu wa C tupu ambao karibu kila njia inashindwa kuuvuka, andika N (herufi isiyojulikana) uendelee. Pengo likiwa na ukubwa wa amplikoni moja na linarudi palepale kwenye kila sampuli, praima ya hapo haishiki, ichore upya kwa kutumia sikwensi za Afrika Mashariki. Pengo likiwa eneo la VP1 tu (jini la protini ya gamba inayotofautisha serotaipu), huku kushoto na kulia kumejaa vizuri, hapo una jenomu ya rejea, yani ya kulinganishia, isiyo sahihi. Umepanga ridi za SAT2 juu ya rejea ya O, sehemu zisizobadilika zimekaa na VP1 imekataa kukaa. Ipe minimap2 (programu ya kupanga ridi juu ya rejea) rejea za serotaipu zote kwa pamoja uone ridi zinakimbilia wapi.

Mapengo madogomadogo kila mahali ni kina kidogo cha usomaji. Mimi chini ya ridi 20 kwa nafasi naweka N, sikisii.

Na kabla ya kwenda mbele, tafsiri VP1 kuwa protini. Isiwe na kituo katikati, yani alama ya kusimamisha protini. Ukiona kituo ujue mashine imeruka au imeongeza herufi kwenye sehemu yenye herufi zinazojirudia, floseli za R9.4.1 zilikuwa na ugonjwa huo kuliko R10.4.1. Tafuta pia herufi tatu RGD kwenye protini hiyo, ndo mkono ambao kirusi kinashikia seli na ni nadra kuukosa. Zikikosekana, karibu kila mara kosa ni lako.

DALILI YA 6: Mti wa ukoo umekaa vibaya

Sampuli yako imekaa juu ya kontroli chanya (sampuli ya majaribio uliyoweka ukijua ina kirusi), herufi kwa herufi. Huo ni uchafuzi mpaka uthibitishe vinginevyo. Fungua kontroli hasi, ile isiyotakiwa kuwa na kirusi, je ina ridi za kirusi? Ikiwa nazo tupa zoezi zima, usijaribu kuokoa nusu. Kama kontroli hasi ni safi angalia bakodi, yani lebo ya herufi inayotambulisha kila sampuli, sampuli yenye kirusi kingi inaweza kuvujisha ridi chache kwenye bakodi ya jirani, lazimisha programu ikubali ridi zenye bakodi pande zote mbili tu. Tenganisha chumba cha kabla ya PCR na cha baada, kama chumba ni kimoja tenganisha hata meza na pipeti na koti.

Sampuli moja imechomoza tawi refu peke yake. Kwanza igeuze, inawezekana imeandikwa kinyumenyume na MAFFT (programu ya kupanga sikwensi pamoja) imeipanga hivyohivyo, kuna chaguo la kurekebisha uelekeo liwashe. Pili angalia urefu, VP1 ni kama herufi 640, mtu akiweka jenomu nzima kati ya VP1 lazima pawe vurugu. Tatu ndo ufikirie kwamba kweli ni kitu kipya.

Sampuli imeangukia katikati ya serotaipu mbili. Hapo uwezekano mkubwa ni ng'ombe mmoja mwenye virusi viwili, na programu imevichanganya ikatengeneza kirusi ambacho hakipo duniani. Fungua ridi zenyewe utazame, ukiona nafasi nyingi zina herufi mbili nusu kwa nusu jibu umepata. Usangu hili siyo la kushangaza, kundi linalokunywa maji na makundi kumi mengine, na upande wa pili ni Hifadhi ya Ruaha, na nyati ndo wenyeji wa kudumu wa SAT.

Mti wa VP1 unasema hivi na mti wa 3D unasema vile. Hili watu wanalihesabu kosa na mara nyingi siyo kosa. Virusi hivi vinabadilishana vipande, hasa nje ya eneo la gamba, kwaiyo kipande kimoja cha jenomu kinaweza kuwa na ndugu wengine kabisa. Usichore mti mmoja wa jenomu nzima ukafunga mjadala, chora wa gamba peke yake na wa sehemu nyingine peke yake.

Matawi hayana nguvu. Kwenye IQ-TREE (programu ya kuchora mti) butstrapu ya haraka, yani alama ya uhakika wa tawi, isiyofika 95 usiiamini, na ile ya kawaida isiyofika 70. Tiba yake kwa kawaida siyo kuongeza marudio, ni kuongeza ndugu, weka sikwensi za mfano za kila topotaipu (kundi la kijiografia ndani ya serotaipu) na za Kenya, Zambia, Malawi. Ukilinganisha na sikwensi za Ulaya pekee, kila kirusi cha Tunduma kitaonekana ndugu wa kila kirusi cha Iringa. Kwa O tofauti ya VP1 ikipita 15% hivi ndo unazungumzia topotaipu nyingine, kwa SAT ni 20%. O za kwetu kwa kawaida zinaangukia EA-2, topotaipu ya Afrika Mashariki, ikiangukia mbali na hapo rudia toka tyubu ya akiba.

Na kama kila kitu kiko sawa ila sampuli ya Rungwe imekaa na za Mbarali na ya Mbarali imekaa na za Rungwe, fungua daftari. Kalamu ya maka inafutika ukidondosha ethanoli. Andika kwa penseli kwenye lebo, na namba ileile kwenye mfuniko.

DALILI YA 7: Mfugaji anataka kujua kaambukizwa na nani na mti haujibu

Nilikaa na mama mmoja Rungwe mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, wote wakaugua chuchu, maziwa yakakata, ndama mmoja akafa. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine yako itaniambia umetoka kwa jirani au umetoka mnadani?" Nilikuwa na VP1 tu. VP1 inabadilika kama 1% kwa mwaka, yani herufi 6 hivi kati ya 640, kwaiyo ng'ombe wa jirani na ng'ombe wa mnadani walioumwa mwezi uleule wanaweza kuwa na VP1 moja bila tofauti hata ya herufi moja. Siyo kwamba umekosea, kipimo hakifiki. Jenomu nzima inabadilika kama herufi moja au mbili kwa wiki, hapo unaweza kuanza kupanga nani alitangulia, ila ukiwa na tarehe sahihi za kidonda na siyo tarehe ya kufika maabara. Nilimwambia ukweli huo, na nikamwambia nilichokuwa na uhakika nacho, kwamba ni serotaipu O, ili bwana mifugo ajue chanjo ya kuagiza.

SIMAMA HAPA PIA: sikwensi ikikwambia C, SAT3 au Asia 1, usitangaze, usiweke kwenye hifadhidata, rudia kutoka sampuli ya akiba. Serotaipu C haijaonekana popote duniani tangu 2004. Ikijirudia, funga tyubu na uwataarifu TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania), wana kituo Iringa, wao ndo wenye njia rasmi ya kupeleka maabara ya rejea ya dunia kule Pirbright, Uingereza. Na BLAST ikikuletea sotoka kwenye ng'ombe, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa 2011, kuna uwezekano mkubwa ni ridi fupi zinazofanana na surua au sotoka ya mbuzi na kondoo, lakini kuamua hilo siyo kazi yako peke yako. Usifungue tena tyubu hiyo, usiikuze, usimpe mwenzako aijaribu, andika saa na mahali ilipo na piga simu siku hiyohiyo.